Ridhaa ya Nani

Mkolani, Mwanza
2 Februari 2026

Mwanangu Nathaniel,

Tumempoteza golikipa wetu. Jumamosi ya tarehe 24 Januari, wakati wa mapumziko, chuo chako kilimvua Agutu glavu mbele ya watu, kikamwambia kwamba yeye si mchezaji wa ridhaa tena bali ni mchezaji wa kulipwa, na mtu wa kulipwa hachezei chuo. Kipindi cha pili hakurudi uwanjani. Jumatatu yake wakamwambia kwamba ile nusu ya ada waliyokuwa wakimsamehe nayo imekwenda na glavu. Hilo nimelitanguliza ili usije ukaishia kwenye salamu.

Sasa salamu. Sisi huku wazima. Baba yako Kashindye mguu umepungua uvimbe, ameanza kwenda mwenyewe kuangalia majaruba yake ya mpunga, na kila akirudi anauliza mjukuu atazaliwa mwezi gani, kama vile mimi ndiye daktari. Mwambie Hellen asinyanyue ndoo, kazi hiyo ni yako. Mimi sijambo, ila saruji imepanda tena na wateja wanataka matofali ya bei ya mwaka juzi.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu nimekupigia mara nne na mara zote uko kwenye kikao. Karatasi haina kikao. Malimi dereva wangu anapeleka matofali ng'ambo ya Busisi kila wiki, atakuachia barua hapo chuoni na atachukua jibu.

Huyu Agutu huhitaji kuelezwa, lakini nakukumbusha. Mama yake alikuwa mpangaji wangu, mwanamke wa Rorya, na alipofariki binti yake alibaki na sanduku moja na mimi. Amekulia kwangu, amesoma kwangu, amedakia timu yangu ya Tofali tangu glavu zikiwa kubwa kuliko mikono. Mwaka juzi ukaja wewe, mratibu wa michezo wa chuo, ukaketi kwenye kiti changu cha plastiki ukasema nikupe mtoto akasome na kudaka kwenu, utamwangalia mwenyewe. Nikakupa.

Ushahidi wao ni klipu ya siku ya pili ya Krismasi, siku ile unayoijua, tulipocheza na watu wa Igoma hapa Mkolani na Agutu akadaka penalti ya mwisho. Watu wakaingia uwanjani wakamtuza. Barua ya chuo ninayo hapa, inasema "alipokea malipo ya fedha taslimu na mfugo". Mfugo maana yake yule jogoo wa mama muuza uji.

Basi tupige hesabu. Noti zote siku ile zilikuwa shilingi 38,500. Glavu nilimnunulia kwa 45,000 na moja ilipasuka kwenye penalti hiyohiyo. Toa. Mchezaji wenu wa kulipwa amelipwa hasara ya shilingi elfu sita na mia tano. Jogoo yupo hai, vijana wa kiwandani wamempa jina Mshahara. Kila alfajiri Mshahara anawika na hakuna anayelipwa.

Wewe umezaliwa Mkolani. Unajua kutuza ni nini. Waeleze wakubwa wako.

Shangazi yako,
Wilhelmina Chenge


Chuoni
19 Februari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa na afya. Sisi hatujambo. Hellen anatimiza mwezi wa sita, miguu inamsumbua jioni, ndoo nabeba mimi. Mvua huku ni za kuchagua: shamba moja linapata, la jirani linakauka. Nimefurahi kusikia habari za mguu wa Baba. Mwambie asishindane na vijana kwenye majaruba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani, naomba radhi.

Kuhusu Agutu, nimeumia kama wewe. Lakini naomba unisikilize kwa utulivu. Michezo ya vyuo ni michezo ya ridhaa. Mtu anacheza kwa kupenda, hachezi kwa sababu ya fedha. Kanuni hiyo haikuwekwa kumwonea mtu. Kabla sijaja hapa palikuwa na kijana, mshambuliaji hodari, tajiri mmoja wa mabasi akawa anampa bahasha kila Jumapili akacheze mechi zake za mtaani. Akaacha vipindi, akaacha mitihani, goti likaachia, na tajiri akatafuta mwingine. Leo anauza vocha getini. Ukiruhusu noti moja, Shangazi, huwezi kuzuia bahasha.

Nasikia siku ile watu waliingia uwanjani kwa wingi na kila mmoja akatoa alichokuwa nacho. Sikatai kwamba ni desturi. Ila kanuni imeacha mlango mmoja tu, nao ni zawadi itokayo kwa mzazi, mlezi au ndugu wa mchezaji. Klipu inaonyesha umati. Kamati ya chuo itajuaje nani ni ndugu na nani ni tajiri wa mabasi?

Anayo nafasi ya kukata rufaa kabla muhula haujaisha. Mimi mwenyewe niko kwenye kipindi cha majaribio cha cheo changu, wataamua mwezi wa sita kama wanithibitishe. Kwa hiyo naomba tutumie busara, na mambo haya yasizungumzwe sana vijiweni.

Mwanao,
Nathaniel


Mkolani
1 Machi 2026

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba. Zamani tulipanga foleni ya kivuko nusu siku, tukila mahindi ya kuchoma hadi tunashiba. Leo daraja lipo, Malimi anavuka kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha, na jibu lako limechukua siku kumi na saba. Mitihani ya chuo chenu ni mirefu kuliko ziwa.

Baba yako mzima. Ng'ombe wake mweupe amezaa ndama jike, anataka kumwita jina la mjukuu akiwa wa kike, nimemwambia Hellen hatapenda. Agutu yuko hapa nyumbani tangu wiki jana, maana mhasibu wenu alimtaka alipe ile nusu ya ada yote kwa mkupuo. Asubuhi anamwagilia matofali, jioni anadaka mipira ya vijana ukutani.

Umeniambia yasizungumzwe vijiweni. Umechelewa. Kwa Antoni kinyozi hakuna habari nyingine. Nilipita Jumamosi kumdai pesa ya matofali ya choo chake, nikakuta mteja amenyolewa upande mmoja na kasahauliwa, watu wanabishana. Mshabiki mmoja wa Igoma anasema ile penalti ilipaswa kurudiwa kwa sababu Agutu alitoka kwenye mstari kabla mpira haujapigwa. Antoni akamwambia sheria inataka mguu mmoja tu ubaki mstarini, na mguu wa kushoto wa Agutu ulikuwa mstarini kama shina la mpapai. Yule akahamia kwenye sekunde nane, kwamba kipa akishika mpira kuzidi hapo ni kona, na Agutu alikuwa anaukumbatia mpira kama mtoto mgonjwa. Malimi akamjibu kwamba mwamuzi hunyoosha mkono juu akahesabu tano za mwisho kwa vidole, watu wote wakiona, na siku ile mkono haukunyooshwa hata mara moja. Aliyenyolewa nusu akaomba amaliziwe. Hakuna aliyemsikia.

Kisha wakafika kwenye malipo, na hapo hata yule wa Igoma akawa upande wetu. Alisema timu yake ilifungwa lakini haki ni haki. Antoni akazima mashine ya kunyolea ndipo akasema, na Antoni hazimi mashine ovyo: "Tuzo ina mlango. Hapa Mkolani hatumtuzi mtu mpaka wa kwao afungue. Wa kwao akishatoa, wengine tunafuata. Kama hakuna aliyefungua, hiyo ni pesa ya kibarua. Chuo kiulize nani alifungua."

Nilichukua pesa yangu ya matofali nikatoka.

Sasa nije kwenye neno lako. Ridhaa. Nimeuza maji ya kandoro, yale ya mifuko ya plastiki, pale Mirongo nikiwa na umri wa Agutu, nimebeba mchanga kichwani, sijasoma kama wewe, lakini ridhaa naijua. Ridhaa ni mtu kukubali baada ya kuulizwa. Nilimuuliza Agutu nani alimuuliza. Alikuwa anakung'uta saruji mikononi. Akasema, "Shangazi, hilo neno wameliweka wao. Mimi niliulizwa saizi ya jezi tu."

Na mtu akishuka darajani upande wa Busisi anakutana na nani? Agutu, kwenye bango la chuo, amedaka mpira, urefu wa nyumba ya ghorofa moja. "Njoo Usome, Njoo Ucheze." Mwaka huu mmepata wasichana wapya arobaini na mmoja, Agutu mwenyewe ndiye aliyepangwa kuwapokea getini. Kila mmoja ada milioni moja na laki nne. Hiyo ni milioni hamsini na saba na laki nne. Sisemi wote wamevutwa na sura yake. Toa nusu, toa robo tatu, mimi si mchoyo wa hesabu. Bado yeye alikuwa anasamehewa laki saba. Mnayemwita wa ridhaa ndiye anayewachumia, na siku watu wa mtaani walipompa jogoo mkasema ameuzwa.

Kisa cha kijana wa goti nimekisikia na kimeniuma kweli. Lakini tajiri wa mabasi alimpa bahasha gizani. Agutu alipewa mchana, uwanjani, watu mia tano wakishangilia. Tofauti hiyo anaiona hata Mshahara.

Neno la mwisho. Umeandika "nasikia". Nasikia watu waliingia uwanjani. Nimelisoma neno hilo, nikaiweka barua, nikaenda kumwagilia matofali, nikarudi nikalikuta palepale.

Shangazi yako,
Wilhelmina


Chuoni
30 Machi 2026

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe tena kwa kuchelewa. Hellen alilazwa siku mbili kwa presha, sasa karuhusiwa, daktari anataka apumzike. Hatukutaka kumtia Baba hofu, kwa hiyo hili libaki kwako.

Nimesikia rufaa ya Agutu imepokelewa na itasikilizwa Ijumaa ya tarehe 17 Aprili. Ningependa kujua, kama unajua, nani anayo klipu nzima. Hii iliyoletwa kamatini inaanza na mkono tu, kisha watu wanajaa. Imekatwa. Kama ipo iliyo ndefu zaidi, ingekuwa vizuri nijue kabla.

Nimefikiri sana. Malimi atakukabidhi bahasha. Ni laki tatu na nusu, nusu ya deni la Agutu. Nyingine nitaleta mwisho wa mwezi wa tano. Aendelee na masomo kimyakimya, aondoe rufaa, mwakani tuangalie upya suala la kucheza. Masomo ndiyo muhimu, mpira una mwisho wake. Naamini wewe kama mtu wa vitendo utaona hili ndilo lenye faida kwa kila mmoja.

Kuhusu bango, hilo ni la idara ya masoko, siwezi kulisemea. Kuhusu mengine uliyoandika, nadhani tumeelewana.

Heri ya Pasaka mapema.

Mwanao,
Nathaniel


Mkolani
13 Aprili 2026

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba, na pole kwa Hellen. Kwa Baba yako sijafungua mdomo. Malimi ana mfuko wa mchele mpya wa majaruba yake na dagaa waliokaushwa vizuri, vya Hellen, usile peke yako. Pasaka tumekula vizuri. Agutu aliimba kwaya, sauti yake nzito ikafunika safu nzima ya wanawake.

Ndani ya mfuko huo wa mchele utaikuta bahasha yako. Laki tatu na nusu, sijapunguza hata nauli. Mchezaji ametolewa kwa sababu ya noti za mchana, nawe unataka nimrudishe kwa bahasha. Kijana wako wa goti angekucheka hapo getini.

Umesema tumeelewana. Hatujaelewana, kwa sababu hujasema kitu. Nilikuachia Februari useme mwenyewe. Machi nikakuachia tena. Sasa nasema mimi.

Mfuko mmoja wa saruji unatoa matofali thelathini na mawili ya inchi sita. Wapo wanaotoa arobaini. Tofali lao ukiliona ni tofali, lina pembe nne, lina rangi, mpaka mvua inyeshe. Barua zako ni matofali ya arobaini, Nathaniel. Kila kitu kimo humo isipokuwa saruji.

Siku ya pili ya Krismasi, Agutu alipodaka ile penalti, alipiga magoti na mpira kifuani. Watu wote wakasimama kwenye chokaa ya pembeni, noti mkononi, hakuna aliyevuka. Walikuwa wanasubiri wa kwao afungue. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimebanwa na watu wa Igoma wanaodai penalti irudiwe, siwezi hata kupita. Nikamwona yule mtoto akiinua macho akazunguka uwanja mzima. Wa kwao wako Rorya, na wengi wako kaburini.

Ndipo ukavuka wewe. Na lile koti la michezo la chuo chako, mikono ya bluu. Ukachomeka elfu tano kwenye glavu iliyopasuka, ukageuka kwa watu, ukasema kwa sauti, nikakusikia hadi upande wangu: "Huyu ni wa kwetu."

Uwanja ukafunguka. Mama muuza uji alitangulia na jogoo wake.

Mkono unaoanza klipu ni wako. Nani anayo ndefu sijui, na sitaitafuta. Mimi si mtu wa kumkamata mtoto wa kaka yangu kwa simu ya mtu.

Najua unachoogopa, nami sikibezi. Unaogopa wataambiana kwamba mratibu wao ndiye aliyeanza kumlipa mchezaji, na mwezi wa sita jina lako litapeperushwa na upepo. Unaye mke mjamzito. Lakini isome tena kanuni uliyoniandikia kwa mkono wako. Zawadi ya mzazi, mlezi au ndugu inaruhusiwa. Kama aliyefungua ni ndugu, mlango ulifunguliwa kwa haki na waliofuata wamefuata tuzo. Kama aliyefungua ni ofisa wa chuo tu, basi mmoja wenu alinunua golikipa na chuo kijishitaki chenyewe. Kwa vyovyote vile, anayeweza kusema ni mmoja tu. Mimi nikisema watanijibu kwamba mwenye ng'ombe hawi shahidi kwenye kesi ya ng'ombe wake. Timu ni yangu. Antoni ni mshabiki. Umebaki wewe.

Na Agutu? Nilimuuliza juzi kwa nini kwenye maelezo yake ya rufaa hakukutaja. Alikuwa anashona glavu ile iliyopasuka kwa uzi wa nyavu. Akasema, "Alinifungulia mbele ya watu. Siwezi kumfungia mbele ya watu." Kisha akakata uzi kwa meno. Mambo mengine ya siku hiyo nimeyasahau, ila hilo limenikaa.

Wakikufukuza, kiwanda changu hakina msimamizi tangu Januari na ninalipa kila Jumamosi, mchana, kwa mkono, mbele ya watu. Hellen atajifungulia hapa mjini karibu na hospitali. Sikutishi wala sikubembelezi, nakuonyesha sakafu ilipo ili ukiruka ujue utatua wapi. Lakini mimi sidhani watakufukuza. Mtu anayesimama na kusema "mkono ule ni wangu" huwa wanamwogopa kidogo. Nimeishi mjini miaka thelathini na miwili kwa kutegemea jambo hilo.

Sitaki uniandikie kanuni tena. Sitaki habari za mvua. Swali langu ni moja, na lile la kamati Ijumaa saa nne asubuhi ni hilohilo kwa maneno mengine: ulisema mbele ya uwanja mzima kwamba Agutu ni wa kwetu. Je, bado ni dada yako, au ilikuwa kelele ya mpira?

Malimi atashusha matofali kesho kutwa na kulala hukohuko. Alhamisi ya tarehe 16, saa sita kamili mchana, atakuwa getini kwenu na injini inaunguruma. Mpe karatasi yenye neno moja, ndiyo au hapana, na jina lako chini. Agutu atapanda gari la kuja huko jioni hiyo, nami nitakuwa naye. Nataka kabla hajavuka daraja na kujiona kwenye lile bango ajue anakwenda kukaa mbele ya kamati na kaka au peke yake.

Mpira huu umeushika tangu Januari, mwanangu. Mwamuzi ameshanyoosha mkono.

Alhamisi, saa sita. Ndiyo au hapana?

Shangazi yako,
Wilhelmina Chenge